Mto Ngerengere na Watu wa Mlimani

Mtu asimamapo Msamvu, upande wa magharibi wa mji wa Morogoro, aona barabara tatu zikikutana. Moja yatoka Dar es Salaam, ya pili yaelekea Dodoma, na ya tatu yaelekea Iringa. Wasafiri wengi wapajua mahali hapo kwa ajili ya stendi ya mabasi na makelele ya wapiga debe, wala hawana sababu ya kupafikiria zaidi. Lakini barabara hizo tatu zasimulia pia habari ya maji. Anayeshika njia ya Dodoma huvuka mto Wami penye Dakawa. Anayeshika njia ya Iringa huvuka mto Mkata katika mbuga za Mikumi, na maji ya Mkata mwisho wake ni Wami vile vile. Bali anayerudi Dar es Salaam huvuka Ruvu. Hivyo Msamvu pako karibu sana na mgawanyo wa maji wa mito miwili mikubwa: tone la mvua likianguka mwendo mdogo tu upande wa machweo litakwenda Wami na kutokea baharini karibu na Saadani, na likianguka upande huu litaingia Ngerengere, kisha Ruvu, na kutokea baharini jirani na mji wa Bagamoyo.

Ngerengere ndio mto upitao karibu na Msamvu. Si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mgeni huweza kuvuka daraja lake asijue kuwa amevuka mto. Hata hivyo, nchi inayokusanya maji yake yakaribia kilometa za mraba 3,000, na kwa muda wa miaka mia moja na hamsini hapana mji, shamba kubwa wala serikali iliyokaa kando yake isiyopata kuinua macho na kuuliza watu wa mlimani wanafanya nini. Swali hilo limeulizwa mara nyingi kwa hasira, mara chache kwa adabu, na majibu yake yameacha alama katika nchi.

Yafaa kwanza kueleza umbo la milima yenyewe, maana pasipo kulijua hilo habari nyingine zote hazieleweki. Uluguru ni jina litokanalo na neno la wenyeji lenye maana ya mlima. Waluguru ni watu wa mlimani. Milima hiyo imepangika kama ukuta mmoja kutoka kaskazini kwenda kusini, nayo imekatwa katikati na pengo la Bunduki. Upande wa kaskazini kuna Lupanga na Bondwa, vilele vyenye kuzidi mita 2,100, vinavyouinamia mji wa Morogoro. Upande wa kusini kuna uwanda wa juu wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu, chenye kuzidi mita 2,600. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hufika kwanza upande wa mashariki na kuyatua mawingu yake huko, basi pande hizo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mahali pengine zaidi sana. Upande wa pili wa ukuta huo mvua hupungua, na mjini Morogoro haizidi sana milimita 900.

Mtu angedhani kwamba maji ya mashariki yangekwenda mashariki na maji ya magharibi yakaenda magharibi. Sivyo. Mito ya mashariki, kama vile Mfizigo, Mvuha na Ruvu yenyewe, hushuka moja kwa moja kuelekea pwani. Mto Mgeta huanza upande wa magharibi, katika miteremko ya Lukwangule, ukashuka bondeni, ukazunguka mwisho wa milima upande wa kusini na kurudi mashariki kukutana na Ruvu. Ngerengere nao huanza magharibi, lakini huzunguka upande wa kaskazini. Mito hiyo miwili ni kama mikono ya mtu aliyeukumbatia mlima kutoka nyuma, viganja vikikutana mbele. Kwa hiyo karibu maji yote ya Uluguru, yawe yameanguka upande upi, huishia katika Ruvu. Jambo hili la jiografia ndilo lililowafanya Waluguru wapate wakubwa wengi.

Ama matawi ya Ngerengere ni haya. Juu kabisa, kusini-magharibi ya mji, vijito vya Mlali, Mgera, Lukulunge na Mzinga hukutana na Ngerengere yenyewe karibu na kilima cha Mindu. Hapo mto hupenya katika pengo jembamba kati ya vilima, nao ukiisha kupenya hugeuka kupita upande wa Msamvu. Kisha hupokea Kikundi, Morogoro na Bigwa, vijito vitokavyo katika miteremko ya Lupanga na Bondwa. Kijito cha Morogoro ni kifupi mno. Sehemu yake ya mlimani, ile iliyopimwa na wataalamu, ni kilometa za mraba 19 tu. Tangu msitu wa juu mpaka uwanda wa mjini, maji yake hushuka zaidi ya mita elfu moja katika mwendo ambao mtu mwenye nguvu huutembea kwa asubuhi moja. Mto wa namna hiyo hautoi onyo. Mvua ikinyesha mlimani saa nane, mjini huweza kuwa jua, na gharika ikafika kabla watu hawajajua kuwa kumenyesha.

Watu wa kwanza kuandikiwa habari hiyo walikuwa watu wa Kisabengo. Huyu alikuwa Mzigua aliyekusanya watoro na watu wasio na kwao, akajenga ngome chini ya Lupanga kabla ya nusu ya karne ya kumi na tisa kumalizika, au karibu na hapo. Mahali alipachagua kwa busara: mlima nyuma yake, maji yasiyokauka miguuni pake, na njia ya misafara mbele yake. Alipokufa, utawala ulishikwa na binti yake, aliyejulikana kwa jina la mji wenyewe, Simbamwene. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alishangazwa na ukuta wa mawe wenye minara pembeni, na milango ya mbao iliyochongwa kwa ufundi, akakadiria wakazi wake kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, alirudi kwa njia ile ile. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umechukuliwa na mto pamoja na nyumba kama 50, na bonde la Ngerengere, ambalo aliliacha likiwa na mashamba mengi, lilikuwa limejaa mchanga na miti iliyong'olewa. Aliambiwa kwamba vijiji kama 100 vilikuwa vimefagiliwa.

Hesabu za wasafiri si za kuaminiwa sana, na hesabu ya vijiji mia huenda ilikuwa njia ya watu ya kusema kwamba ni vingi. Lakini msiba wenyewe haukuwa wa kubuni. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu, na mvua za majira hayo zilikuwa kali bara pia. Yapasa kulikumbuka hilo kwa sababu moja. Wakati ule hapakuwa na afisa wa kilimo wala mwenye shamba la mkonge wa kuwanyoshea Waluguru kidole, na msitu ulikuwa umeshuka chini kuliko leo. Mto ulibomoa mji hata hivyo. Wale ambao baadaye walisema kwamba gharika za Ngerengere zilizaliwa na jembe la Mluguru peke yake hawakuisoma vizuri habari ya Simbamwene.

Enzi ya Wajerumani yaweza kupitwa kwa haraka, ingawa mambo mawili yaliyofanywa wakati huo yangaliko. La kwanza ni reli, iliyofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907 na kuleta mashamba ya mkonge katika bonde la Ngerengere, kama vile Tungi, Kingolwira na kwingineko. Mkonge wenyewe hauhitaji maji mengi ukiwa shambani, bali kuukamua na kuuosha kwahitaji maji kila siku. La pili ni mpaka wa msitu. Mwaka 1909 serikali ya Kijerumani iliitenga misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi, na mstari uliochorwa siku hizo ndio uliorithiwa na Waingereza, na baada yao na Tanganyika huru. Mwaka 2008 misitu ya kaskazini, ya kusini na ya Bunduki iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia yenye hekta zipatazo 24,000. Mstari ule uliuokoa msitu, hapana shaka. Lakini pia uliwafunga watu katikati: juu yao msitu usioguswa, chini yao mashamba ya wageni, na wao wakizidi kuzaana katika ukanda wa miteremko uliobaki.

Ukanda huo ndio uliowatia hofu Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Maofisa walioupanda mlima waliona mashamba yakipanda juu ya miteremko mikali, moto ukiwashwa kila mwaka kabla ya mvua, na mito ikishuka myekundu. Chini walikuwako wenye mashamba ya mkonge waliolalamika, na mbali zaidi ulikuwako mji wa Dar es Salaam, uliokuwa ukikua upesi na kutafuta maji. Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuupelekea mji huo maji ya mto Ruvu. Basi ukaanzishwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Shabaha yake haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa kweli ukimomonyoka, na maji ya kiangazi yakipungua. Amri zake zilikuwa tatu hasa: watu wasichome moto mashamba, wasilime kandokando ya mito, na kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi katika mteremko.

Matuta hayo ndiyo yaliyouharibu mpango. Kuchimba ngazi katika mteremko mkali ni kazi ya kuuvunja mgongo, na ngazi ikichimbwa bila uangalifu udongo mweusi wa juu hufukiwa, na udongo mwekundu wa chini, usio na rutuba, huja juu. Watu walipanda mahindi na mpunga wao katika udongo huo, na mavuno yakawa haba. Upande wa mashariki, penye mvua nyingi, ngazi zilikusanya maji mpaka udongo ukalemewa na kuporomoka. Waluguru hawakuwa wajinga wa mteremko. Pande za Mgeta wenyeji walikuwa na matuta yao ya namna ya ngazi tangu zamani, madogo na yenye kubadilishwa mahali kila msimu, ambamo majani yalifukiwa ili yaoze na kuwa mbolea. Mtu alilazimishwa kuacha matuta aliyoyajua, yaliyompa chakula, na kuchimba matuta mengine yaliyomnyima.

Palikuwa na jambo jingine ambalo maofisa walichelewa kulitambua. Ardhi ya Uluguru ilikuwa mali ya ukoo, nao ukoo ulifuatwa kwa upande wa mama. Mkuu wa ukoo aliigawa, na mtu wa ukoo mwingine aliyelima humo alitoa ngoto, yaani kiasi kidogo cha mazao, kuwa alama ya kukiri kwamba ardhi si yake. Mkulima wa namna hiyo akichimba matuta ya kudumu katika shamba la wenyewe, alikuwa akimfanyia kazi nani? Na mwenye ardhi akiona mgeni wake amejenga ngazi za miaka ishirini, angewezaje kumwomba aondoke? Kwa macho ya mpimaji, tuta lilikuwa kinga ya maji tu. Kwa macho ya ukoo lilikuwa dai la ardhi. Katika kitabu chao cha mwaka 1960 juu ya ardhi na siasa za Waluguru, Roland Young na Henry Fosbrooke waliueleza uhusiano huu wa ardhi na siasa kwa mapana, lakini wakati huo mpango ulikuwa umekwisha kufa.

Ulikufa kwa mtindo uliojulikana pia katika Usambara, penye mpango wa Mlalo, na katika wilaya nyingine za Tanganyika ya miaka hiyo. Amri ya matuta haikutolewa na Mwingereza kwa kinywa chake, bali ilipitishwa kwa Sultani, wakati huo Sabu bin Sabu, na kwa watawala wadogo walio chini yake. Hivyo hasira za watu ziliwaangukia kwanza wenzao. Waluguru hawakuwa na desturi ya kuwa na mfalme mmoja. Koo zilijitawala, na waliopewa heshima kuu walikuwa watu kama Kingalu wa Kinole, ambaye sifa yake ilikuwa ya mvua. Kumweka mtu juu ya koo zote, kisha kumtuma awaamrishe watu juu ya ardhi ya koo zao, ni kumpa kazi isiyotendeka. Tena siasa ilikuwa imeingia: TANU iliundwa Julai 1954, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Patrick Kunambi, mzaliwa wa Uluguru. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1955, watu walikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima, kuyakataa matuta mbele ya wakubwa. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua bunduki, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo amri ya matuta iliachwa. Zilizochimbwa zikaachwa zibomoke, na watu wakarudia moto na jembe kama awali. Wengine walifanya hivyo si kwa kuona ni vizuri, bali kwa sababu uhuru wa kulima walivyotaka ndio walioupigania.

Hapo hasara ilikuwa kubwa kuliko ilivyohesabiwa. Kwa muda wa miaka mingi neno lolote juu ya kuhifadhi udongo lilisikika mlimani kama sauti ya mkoloni. Serikali huru, iliyopatikana tarehe 9 Desemba 1961 kwa msaada wa watu wale wale, haikuwa na hamu ya kulifufua shauri hilo.

Mlima wenyewe haukungoja siasa zipoe. Tarehe 23 Februari 1970, alasiri, mvua kubwa ilianguka Mgeta, upande wa magharibi wa milima. Milimita zaidi ya 100 zilinyesha kwa muda usiotimiza saa tatu. Paul Temple wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Anders Rapp wa Uppsala, waliokuwa wakiuchunguza mmomonyoko wa udongo katika Tanzania, walikwenda kuyahesabu maporomoko yaliyotokea, nao wakapata yapata elfu moja. Karibu nusu yalianzia katika mashamba, na karibu nusu katika majani. Yaliyoanzia penye miti hayakufika hata moja katika mia.

Ushahidi huu na ule wa Simbamwene waonekana kupingana, lakini si lazima. Mvua ya kimbunga huweza kuujaza mto hata katikati ya msitu. Mizizi ya miti haizuii maji yasishuke. Yazuia mteremko usishuke pamoja nayo. Maofisa wa 1950 walikuwa na haki kuuogopa mteremko ulio wazi. Kosa lao ni kwamba dawa waliyoichagua ilivunja udongo mahali ambapo palihitajika mizizi, tena waliinywesha kwa nguvu.

Chini ya mlima, wakati huo, mji ulikuwa ukikua. Mwaka 1967 Morogoro ilikuwa na watu kama 25,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 470,000. Kijito cha Morogoro, ambacho maji yake yalitekwa tangu zamani katika miteremko ya juu ya mji, hakikutosha tena. Viwanda vilipojengwa upande wa Kihonda katika miaka ya 1970, lile pengo la Mindu, ambapo matawi matano ya juu ya Ngerengere hukusanyika, lilizibwa kwa bwawa lililokamilika katikati ya miaka ya 1980. Bwawa hilo ndilo linaloupa mji sehemu kubwa ya maji yake. Nalo, kama ambavyo mtu yeyote aliyesoma habari za Mgeta angeweza kutabiri, limekuwa likipokea udongo pamoja na maji, na kina chake kimepungua. Mashamba yanayoleta udongo huo yako Mlali na Mzinga, na walimaji wake ni watu walio na haja ya mboga na mahindi zaidi kuliko kina cha bwawa la watu wengine. Chini ya Msamvu, Ngerengere hupokea pia taka za viwanda na za mji, na watu wa vijiji vya mbele huyapokea maji hayo bila kuulizwa. Malalamiko yao hayajapata kusikika kwa sauti kama yale ya wenye mkonge.

Mwaka 2006 lilianza jambo lililogeuza mwelekeo wa mazungumzo, japo kwa kiasi kidogo. Mashirika ya CARE na WWF yaliziendea jamii za Kibungo, katika bonde la Mfizigo upande wa mashariki, si mbali na nchi ile iliyofanya ghasia mwaka 1955. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ikiwa watu wa Dar es Salaam wanakunywa maji yatokayo hapa, basi watu wa Dar es Salaam wawalipe wale wanaoyatunza. Shirika la maji la jiji na kiwanda kimoja cha vinywaji walikubali kuwa wanunuzi. Malipo yalikuwa madogo, na yalihesabiwa kwa ukubwa wa shamba lililotengenezwa. Wapo waliosema, si bila haki, kwamba hayakulingana na jasho. Lakini kwa mara ya kwanza mtu wa chini alikuja mlimani na mkono wenye kitu, akaketi kujadiliana bei. Mwenye kukubali alikubali, mwenye kukataa aliachwa na shamba lake.

Kazi walizofanya wakulima waliokubali zilikuwa kupanda miti, kuchanganya mazao, kutia samadi, na kuchimba matuta. Baadhi yalikuwa matuta ya ngazi yale yale, yaliyopimwa kwa kufuata mteremko, udongo wa juu safari hii ukiwekwa kando kwanza na kurudishwa juu. Mzee wa Kibungo aliyekuwa na miaka 70 mwaka ule alikuwa kijana wa miaka 19 siku watu walipokusanyika Matombo.